Ndoo Tisini za Kokoto

Sajenti Rosalia Chilumba alifika Kitomanga saa saba na nusu mchana, siku ya Jumamosi, akakuta sululu sita zimeegemezwa kwenye ukuta wa wodi ya wazazi ambayo ilikuwa bado haijaezekwa. Alizihesabu kabla hajaamkia mtu. Sululu sita, nyundo kubwa mbili na mtarimbo mmoja. Wenye vyuma vyao walikuwa wamekaa vivulini, wanaume huku, wanawake kule, na hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti.

Koplo Valentini, mwenzake, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alizima pikipiki na kusema kwa chini kwamba watu wakipiga kelele huwa anajua la kufanya, lakini hawa waliokaa kimya ndio wanaomtisha.

Mwenyekiti wa kijiji aliwapokea, akaeleza habari yote bila kuketi. Alhamisi walimwaga jamvi la wodi, yaani zege ya sakafu, tangu asubuhi hadi karibu na Magharibi. Usiku ule Abdurahmani Mnali, mlinzi wa pale, akabaki kulinda kama kawaida yake. Ijumaa alfajiri hakuonekana msikitini, na yeye si mtu wa kukosa. Walipokwenda kumtazama walikuta tochi yake na makubadhi yake mlangoni mwa kibanda, mwenyewe hayupo. Wakamkuta fundi mkuu, Iddi Lichanda, mtu wa Lindi mjini, ameinama pembeni mwa jamvi peke yake gizagiza, mwiko mkononi, anasawazisha. Wakamshika. Mpaka sasa yumo stoo ya ofisi ya kijiji, na Mungu ndiye aliyemnusuru asiuawe kwa kipigo.

Halafu kuna kokoto, mwenyekiti akasema, akionyesha lundo lililokuwa nyuma ya ukuta. Fundi mwenyewe alipiga hesabu mbele ya mkutano kwamba zitatosha kamili, hazitabaki hata za kujaza kibaba. Zimebaki lundo zima. Watu wakaunganisha mambo. Kama kokoto zimebaki, basi nafasi yao humo ndani imejazwa na kitu kingine. Imamu amewazuia jana, wakapatana: ikiadhiniwa Alasiri ya leo, atakayeamua ni Sikina, mke wa Abdurahmani. Akisema livunjwe, litavunjwa, awepo polisi asiwepo.

Pembeni yake alisimama Ismael Nangumi, katibu wa kamati ya ujenzi, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, ambaye kirikuu chake cheupe, kigari cha kubebea mizigo, kilikuwa kimeegeshwa chini ya mkorosho. Alisema yeye alikuwa Nyangamara kwa shemeji yake tangu Alhamisi mchana, amerudi leo asubuhi na kukuta msiba huu, lakini hesabu anaijua.

"Zimebaki ndoo tisini, afande. Tisini. Kokoto haziyeyuki."

Rosalia aliandika kwenye daftari lake, kama alivyoandika yote. Kisha akatazama saa. Alikuwa na saa mbili na robo, si zaidi.

Alimkuta Sikina amekaa juu ya tofali, ukingoni mwa lile jamvi, mkono mmoja tumboni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Viganja vyake vilikuwa na sugu na mikwaruzo myeupe, kwa kuwa naye aligonga kokoto wiki tatu pamoja na wanawake wenzake, jua na mvua. Rosalia alimpa pole, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama mumewe alikuwa na ugomvi na fundi. Akajibiwa kuwa walibishana mara moja tu, kuhusu maji ya kumwagilia, yakaisha. Na mtu mwingine? Sikina akatikisa kichwa.

"Wananingojea mimi," akasema. "Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia njiani, kabla hatujafika Mchinga. Hakulia. Ndiyo maana nikagonga mawe haya. Sasa nikisema wavunje, nimevunja kitanda changu mwenyewe. Nikisema wasivunje, naye yumo, nitakuwa namkanyaga mume wangu kila nikija kliniki. Niambie wewe, dada, nisemeje?"

"Usiseme kitu mpaka nirudi."

"Adhana haitakungoja."

Rosalia aliinuka. Alilizunguka jamvi mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili taratibu. Ukingoni, mbao za fomu zilizozuia zege zilikuwa zimeshatolewa, na unene ulionekana wazi. Alipima kwa futi yake: sentimita kumi huku, kumi kule, kumi na moja kwenye mlango. Chini ya zege ulichungulia ukingo wa nailoni nyeusi, na chini ya nailoni mawe makubwa yaliyoshindiliwa. Aliinama, akafuata ile nailoni kwa kidole ukingo mzima, pembe kwa pembe. Haikuchanika popote. Juu, jamvi lilikuwa bapa kama meza. Kwenye ile pembe aliyokutwa Iddi kulikuwa na kiraka kilichosawazishwa, na hatua tatu mbele yake, ambako mwiko haukuwahi kufika, kulikuwa na alama mbili za kwato za mbuzi.

Akaenda stoo. Fundi Iddi alikuwa amekaa sakafuni, mtu wa makamo, mdomo umemvimba upande. Alipoulizwa alifanya nini pale alfajiri, alijibu kwamba aliamka kumwagilia maji, akakuta mbuzi wa watu amepita juu ya kazi yake, akaanza kuziba nyayo. Hakumaliza. Rosalia hakumwambia kwamba ameziona. Alimuuliza juu ya kokoto.

Hapo Iddi akawa kama mtu aliyeguswa kidonda. Tangu ashikwe, akasema, hilo ndilo linalomnyima usingizi, kuliko hata vipigo. Miaka ishirini na mbili anapiga hesabu za zege, hajapata kukosea kiasi hicho. Rosalia akamwambia aipige tena mbele yake. Fundi akachora vumbini kwa kidole.

"Mita kumi na mbili kwa nane, unene sentimita kumi. Zege yenyewe inakuja mita za ujazo tisa na nusu na kidogo. Lakini vitu vikiwa vikavu lazima viwe vingi zaidi, mara moja na nusu na ushee, kwa sababu ukichanganya, mchanga unaingia kwenye matundu ya kokoto, zege inashuka. Tuseme kumi na tano kasoro. Fungu moja simenti, mawili mchanga, manne kokoto. Jumla saba. Kokoto ni manne katika saba, inakuja nane na nusu. Mita moja ya ujazo ni ndoo hamsini. Nikapata mia nne ishirini na tano. Nikaongeza tano za kumwagika. Nikawaambia akina mama, nataka ndoo mia nne na thelathini."

"Wakaleta ngapi?"

"Mia nne na thelathini. Walihesabu kwa vijiti, mbele ya katibu. Na siku ya kumwaga, vijana wangu wametumia mia nne ishirini na tano, nimezisimamia mwenyewe, kila moja imefutwa kwa kijiti. Zilitakiwa zibaki tano, afande. Jioni nikazungushia lundo kamba, nikapima na kimo. Tisini. Nikasema labda nina homa."

"Ulimwambia nani?"

"Nani tena ningemwambia? Aibu yangu mwenyewe. Nilimwambia Abdurahmani tu nilipokuwa namkabidhi lindo. Nikamwambia zimebaki tisini, zitunze, tutazitumia kwenye ngazi. Akacheka. Nikaenda kulala."

Rosalia alitoka na kusimama juani. Valentini alimuuliza kama fundi amekiri. Akajibu kwamba amekiri hesabu tu. Bado saa moja na dakika arobaini.

Aliwaendea wanawake. Kiongozi wao wa kugonga mawe alikuwa Bi Somoe, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, mwembamba, aliyekuwa anajifunika kanga begani kila anaposema neno. Rosalia alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, kisha akamwomba amwonyeshe jinsi walivyopima. Bi Somoe alimtazama kama mtu aliyeombwa aonyeshe namna ya kunywa maji. Akachukua ndoo ya lita ishirini, akaiburuza hadi kwenye lundo, akapakia kwa karai mpaka ikafurika, na juu ya mdomo wa ndoo kokoto zikasimama kama kofia.

"Ndoo hiyo."

"Na hizo za juu hamzifuti?"

Wanawake wawili watatu wakaguna. Bi Somoe akaeleza, kwa subira, kwamba ukigonga kokoto za kuuza, unapitisha kijiti juu ya mdomo, unafuta, mteja anapata ndoo bapa. Ndivyo inavyouzwa kote, Kilwa mpaka Lindi. Lakini hizi hazikuwa za kuuza. Hizi ni za wodi, ni sadaka. Na hapa kwao sadaka haifutwi, tangu enzi za mama zake. Iwe mchele wa hitima, iwe mawe ya msikiti, unajaza mpaka kichwa chake, na kinachomwagika unakirudishia.

"Fundi alijua hivyo?"

"Hakuuliza. Mtu wa mjini. Katibu alijua, si wa hapa hapa? Alikuwa anakata kijiti kimoja kwa kila ndoo, kichwa na vyote, akacheka."

Rosalia alivua koti, akashika kijiti mwenyewe. Akawaambia wajaze ndoo tano kwa namna yao. Akafuta vile vichwa vitano kimoja baada ya kingine ndani ya ndoo ya sita. Ikajaa, bapa, barabara. Watu wakaanza kusogea kutoka vivulini. Hata wenye sululu walisogea, ila sululu waliziacha ukutani.

"Kila tano ni sita," Rosalia akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mlileta mia nne na thelathini za sadaka. Kwa kijiti cha fundi hizo ni mia tano kumi na sita. Ametumia mia nne ishirini na tano. Toeni wenyewe."

Mwalimu mmoja akatoa kwa haraka kuliko wengine. Tisini na moja.

"Basi zilizobaki ni mkono wenu wa heri, si mwili wa mtu. Na hata mngeniambia mtu yumo, hesabu ingekataa. Mtu mzima anachukua nafasi ya ndoo tatu za kokoto, nne akiwa mnene. Ndoo tisini ni watu ishirini na watano. Kijiji hiki kimepotelewa na wangapi?"

Kuna aliyecheka, akanyamaza. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alisema kwamba hesabu ni hesabu, lakini Abdurahmani yuko wapi. Swali hilo Rosalia alilitarajia. Kuwaondolea watu jamvi vichwani bila kuwapa mahali pengine pa kutazama ni kuwaahirisha tu. Alizunguka lundo, akalizunguka tena. Kisha akasimama ghafla, akamuuliza yule mzee kwamba kwa macho yake lile lundo ni ndoo ngapi. Mzee akasema thelathini. Mwalimu akasema sitini. Mwanamke mmoja akasema hajui, ila ni nyingi. Mwenyekiti akasema hajawahi kuzihesabu, wala hajasikia mtu akizihesabu, ametaja tisini katibu peke yake asubuhi ya leo.

"Bi Somoe, zipimeni zote. Kwa kijiti."

Ilichukua dakika ishirini na tano. Wanawake kumi na wawili walipanga mstari, ndoo zikatoka mkono kwa mkono, na Bi Somoe akafuta kila moja kwa hasira, kama anayefanya jambo lisilo na adabu. Lundo jipya likainuka hatua tatu pembeni. Sikina alikuja akasimama, akawa anahesabu kwa midomo. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Ndoo ya arobaini na tisa ilijaa kwa kukwangua mpaka mchanga. Ikaisha.

Kijiji kizima kilikuwa kimekesha siku mbili kikilaani lundo kwa kuwa kubwa, kumbe lilikuwa dogo.

"Zimepungua arobaini na mbili," Sikina akasema.

Rosalia aliuliza kama kuna mtu aliyechukua kokoto tangu Alhamisi, hata ndoo moja, hata ya kuzuia mlango. Wakakana wote kwa pamoja, na baadhi yao waliudhika. Nani atabeba sadaka kupeleka nyumbani kwake? Aliwaamini. Fundi naye asingeweza kuzibeba: hana hata baiskeli, na tangu alfajiri ya Ijumaa amefungiwa.

Akafungua daftari, akalishika mbele ya macho ya Ismael Nangumi.

"Katibu, nimeandika hapa maneno yako ya saa saba na nusu. Tisini. Wewe hukuwapo Alhamisi jioni, ulikuwa Nyangamara. Umerudi leo, na lundo ulilolikuta leo ni la arobaini na tisa. Tisini umeziona wapi?"

"Nilikadiria kwa macho, afande."

"Mzee kakadiria thelathini. Mwalimu sitini. Wewe macho yako yameona sawasawa na kamba ya fundi, na fundi alimwambia mtu mmoja tu. Huyo mmoja ndiye tunayemtafuta. Amekwambia saa ngapi?"

Ismael alisema kwamba maneno ya kijiji yanatembea, hakumbuki kasikia kwa nani. Sauti yake ilikuwa tulivu. Rosalia alikwenda kwenye kile kirikuu cheupe. Bodi ya nyuma ilikuwa imeoshwa, imeoshwa vizuri kuliko gari lote. Akamwita Valentini amsaidie kushusha mlango wa nyuma, akaingiza kalamu kwenye upenyo wa bawaba na kuchokonoa. Zikadondoka kokoto nne, kisha ya tano.

"Kokoto ni kokoto," Ismael akasema. "Mimi nabeba kokoto kila wiki, za mashine kutoka Lindi."

Bi Somoe aliziokota, akazigeuza kiganjani. Akasema za mashine zina uso mmoja bapa na vumbi jeusi. Hizi zimegongwa kwa nyundo juu ya jiwe jingine, na hii hapa, kwa pigo lake la kulia kwenda kushoto, ni ya mkono wa Sikina, kwa sababu Sikina ni mashoto, na wiki tatu wamemtania kwa hilo.

Sikina hakuiomba aione. Alisema, polepole, kwamba Jumatano Ismael alimwendea mumewe, akamwambia zege ikiisha kitakachobaki atakichukua yeye kwa msingi wa nyumba yake. Abdurahmani akamwambia cha sadaka hakitoki. Mumewe alimsimulia jambo hilo kama kichekesho, wakala, wakalala.

Bado dakika ishirini. Rosalia aliwauliza wanawake swali moja tu: mtu mwenye kokoto nyingi hivyo, tripu mbili za kirikuu, naye anataka zisionekane, azimwage wapi karibu? Nyumbani kwa katibu hakukuwa na lundo, watu wamepita huko asubuhi. Wakatazamana. Bi Somoe aliondoka, akaingia nyumba ya tatu kutoka pale, akarudi na kamba ya mkonge iliyofungwa duara, imekakamaa kwa kutotumika.

"Shambani kwa katibu kuna kisima tulichokuwa tukichotea sisi," akasema. "Kilikauka mwaka juzi, kafunika bati. Kamba yake ni hii."

Kisima kilikuwa katikati ya mikorosho, mwendo wa robo saa nyuma ya shule. Kijiji kizima kilikwenda, na Valentini akiwa amemshika Ismael mkono kama watu wanaotembea pamoja kwenda arusi. Bati lilikuwa pale, na jiwe juu yake. Rosalia alilivuta. Mdomo wa kisima ulikuwa na upana wa mita moja. Alimulika tochi, kwa chini kabisa kulikuwa na weupe, msafi, uliolala sawasawa. Alipiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa njia ile ile ya fundi: ndoo arobaini na mbili katika shimo la upana wa mita moja zitapanda mita moja na kidogo sana.

Akamuuliza Bi Somoe kamba ilikuwa ikifika vipi.

"Hili fundo likigusa mdomo, ndoo imegusa chini. Mikono kumi na minane. Haijapata kuzidi wala kupungua, hata mwaka wa kiangazi tulikuwa tunakwangua matope pale pale."

Walifunga jiwe, wakaliteremsha. Kamba ikalegea mapema. Fundo lilikuwa bado liko mbali na mdomo, juu, mikononi mwa Bi Somoe. Alipima mabaki kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mmoja. Miwili. Akasita, akapima tena tangu mwanzo, kana kwamba mkono wake umemdanganya.

"Miwili na nusu," akasema.

Rosalia aliweka futi yake juu ya mkono wa bibi yule. Nusu mita, imepungua kidogo. Akamgeukia Ismael, ambaye sasa alikuwa anatazama miguu yake.

"Mikono miwili na robo ni kokoto. Robo hii iliyozidi, nafasi ya ndoo nne, ni nini?"

Ismael alisema hakukusudia, kwamba alimsukuma tu, kichwa kikapiga toroli. Alisema akaona hapumui. Akaanza kusema habari ya msingi wa nyumba, na hapo Valentini akamwambia anyamaze, atayasema mbele ya mwandishi wa maelezo.

Kutoka kijijini, juu ya mikorosho, ikaja adhana ya Alasiri. Wanaume wakasimama, wasijue waende au wabaki. Wote walimtazama Sikina, kwa sababu ndiyo saa waliyopatana.

Alikuwa ameishika kamba, pale kwenye fundo. Hakulia bado.

"Jamvi lisiguswe," akasema. "Mtoeni fundi. Na leteni ndoo, si sululu. Atolewe kwa mikono."

Akaikabidhi kamba kwa Bi Somoe, akajifunga kanga kiunoni.

"Na mzihesabu zikitoka. Ni arobaini na mbili. Ni za wodi."